Bomu lenye mionzi: jinsi ya kuingia ndani, kuvua na kunawa bila kujipaka vumbi upya

Mara tatu sasa nimeendesha zoezi la kujikinga na vumbi lenye mionzi katika mtaa wetu wa mlimani hapa Mwanza, na mara zote tatu washiriki wamekwama mahali pamoja. Wanajua kuingia ndani, wanajua kufunga mlango, na hata namba za dharura wamezishika. Wakifika kwenye kuvua shati, hulipitisha kichwani kama wafanyavyo kila siku, na ule unga niliowanyunyizia mabegani huishia puani na kwenye kope. Unga huo ungekuwa sesiamu yenye mionzi, wangekuwa wameuvuta wakiwa tayari wamefika salama.

Mwongozo huu unafuata mpangilio wa tukio lenyewe, ila nimekaa zaidi kwenye kuvua na kunawa kwa sababu ndiko watu wanakoharibu.

Jambo moja la kuelewa kwanza. Linaloitwa bomu chafu ni bomu la kawaida linalotawanya vumbi lenye mionzi. Haliwezi kuangamiza jiji, na wanaokufa papo hapo kwa kawaida huuawa na mlipuko wenyewe, vioo na vipande vya chuma. Bomu la nyuklia ni balaa la kiwango kingine kabisa. Hata hivyo mwananchi aliye barabarani hana haja ya kujua ni lipi lililolipuka, kwa kuwa dakika 10 za mwanzo hatua ni zile zile. Mionzi haionekani wala hainuki, hivyo mlipuko wowote wa kutiliwa shaka katikati ya watu uchukulie kuwa una vumbi hilo mpaka wenye vipimo waseme vinginevyo.

Vifaa vya kuandaa

Viweke vyote mahali pamoja, karibu na mlango unaotumika zaidi.

- Ndoo mbili zenye mifuniko inayobana. Ndoo za rangi zilizooshwa zinafaa. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini mwaka 2019, na salfeti usiitegemee, kwa sababu imefumwa na vumbi hupenya kwenye nyuzi.
- Mkasi mkubwa unaokata vizuri.
- Dumu la maji la lita 20 kwa ajili ya kunawa tu, pamoja na maji ya kunywa yaliyofunikwa, yasiyopungua lita 4 kwa kila mtu kwa siku, ya kutosha siku tatu.
- Kata ya kuchotea, beseni, sabuni ya kipande na sabuni ya maji ya nywele.
- Kanga au vitenge safi: vya kufunika pua, vya kujisitiri na vya kujifunga baada ya kunawa.
- Redio ya betri, tochi, soletepu pana na magazeti ya zamani.
- Dawa za wanaozitumia kila siku, kalamu na daftari.

Hatua ya 1: Usiende dirishani

Tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani jijini Nairobi uliposhambuliwa, watu wengi katika majengo ya jirani walisikia mshindo wa kwanza wakaenda madirishani kuchungulia. Mlipuko mkubwa uliwakuta pale pale, na vioo vikawaondolea wengi wao macho. Kwa hiyo ukisikia mshindo au ukiona mwanga, geuka upande mwingine, lala kifudifudi nyuma ya kitu kizito na ufunike kichwa kwa mikono. Mwanga mkali kupita jua usiutazame kabisa, na usiinuke mara moja, kwa sababu mshindo na wimbi la hewa vinaweza kuja sekunde kadhaa baada yake.

Ukishainuka, funika pua na mdomo kwa kanga au kitambaa kilichokunjwa mara kadhaa. Usile, usinywe, usivute sigara, na mikono iwe mbali na uso.

Hatua ya 2: Ingia kwenye jengo zito ndani ya dakika 10

Jengo lililoharibiwa na mlipuko, au linaloungua, liache. Toka kwenye moshi kwa kuukata upepo kwa ubavu, kisha ingia kwenye jengo zima la kwanza utakalolifikia. Katikati ya jiji, ghorofa la zege ndilo bora, na ukae katikati yake, mbali na kuta za nje na mbali na ghorofa la juu kabisa, kwa kuwa vumbi hutua juu ya paa. Zege la unene wa takriban sentimita 6 hupunguza nusu ya mionzi inayotoka kwenye vumbi la bomu la nyuklia. Udongo ulioshindiliwa huhitaji takriban sentimita 9 kufanya kazi hiyo hiyo. Bati, kwa upande wa mionzi, ni kama halipo.

Sisi wa mlimani tunaoishi chini ya bati tuna nafuu moja, nayo ni mawe. Ikiwa chumba kimojawapo kimeegemea jabali, hicho ndicho cha kukaa, upande wa jabali. Kama hakuna, kaa chumba cha ndani chenye kuta nyingi kati yako na nje. Jirani mwenye nyumba ya ghorofa anaweza kukuazima ukumbi wake, lakini makubaliano hayo yafanywe leo, si siku hiyo.

Makosa matatu hujirudia hapa. La kwanza ni kukimbilia ziwani kwa kudhani maji yatakuosha: njia nzima ya kufika ufukweni unatembea ndani ya vumbi. La pili ni kupanda daladala au bodaboda kuukimbia mji, na hapo foleni itakukamata ukiwa huna kuta. La tatu linauma kulisema: ni mzazi kwenda kumfuata mtoto shuleni. Mtoto yuko ndani ya jengo la tofali, na walimu wakimzuia asitoke wamemlinda. Mzazi anayemfuata hujipaka vumbi mara mbili, na la kurudi humpaka mtoto.

Kuhusu upepo, usipige hesabu nyingi. Kwa kawaida mchana unatoka ziwani kuja nchi kavu na usiku unageuka, lakini kati ya milima yetu huzunguka utakavyo. Tazama moshi unakoelekea, basi.

Hatua ya 3: Vua

Kuvua nguo za nje peke yake huweza kuondoa hadi asilimia 90 ya vumbi lililo mwilini. Hakuna dawa inayokaribia kazi hiyo, na ndiyo maana inasikitisha kuona hatua hii inafanywa kwa pupa.

Simama mara tu baada ya mlango, usiende chumbani. Tandika magazeti, usimame juu yake, na ndoo iliyo wazi iwe pembeni. Kanga iliyofunika pua ibaki mahali pake mpaka mwisho. Usizikung'ute nguo hata kidogo. Kukung'uta ni kulirudisha hewani vumbi ambalo lilikuwa limetulia.

Anza juu. Kofia, kilemba au mtandio uviringe kutoka mbele kwenda nyuma, upande wa nje ukimezwa na upande wa ndani, kama mtu anayekunja mkeka akiuficha uso wake wa juu. Shati la vifungo lifungue lote, liache lidondoke nyuma ya mabega, kisha ulikunje kwa namna ile ile. Baibui lenye vifungo mbele hufuata utaratibu huo.

Fulana na gauni lisilo na vifungo ndivyo vinavyotushinda. Chukua mkasi, ukate kuanzia pindo la chini mbele kwenda juu mpaka shingoni, kisha ulivue kama koti. Watu husita hapa, kwa sababu fulana ni mali na gauni la kitenge limegharimu ushonaji. Nguo hiyo hata hivyo hutaivaa tena siku za karibuni, na mkasi unaokoa mapafu. Ukiwa huna mkasi, toa mikono ndani kwanza, panua shingo ya fulana kwa mikono yote miwili mpaka isiguse uso, fumba macho, bana pumzi, ndipo uipandishe taratibu.

Kisha suruali au sketi, ukiikunja kuelekea chini na upande wa nje ukiingia ndani. Viatu na soksi vije mwisho, na kila mguu unaotoka kwenye kiatu ukanyage nje ya magazeti, upande wa ndani ya nyumba. Viringisha magazeti, yaingie ndooni pamoja na nguo. Ondoa pia saa, pete, mkanda na pochi. Simu ifute kwa kitambaa chenye unyevu, na kitambaa hicho nacho kiingie ndooni.

Funga mfuniko, andika juu yake jina na saa, kisha uiweke ndoo kwenye kona ya mbali ambayo watu na mifugo hawapiti. Usiifungue tena, na usizichome nguo hizo. Moto hauui mionzi, unaipandisha kwenye moshi.

Neno moja kuhusu kuona haya. Katika zoezi la pili mzee mmoja aligoma kabisa kuvua kwa sababu mkwewe alikuwa sebuleni, na kusema kweli sikumlaumu. Tangu hapo tunatundika kitenge kwenye kamba nyuma ya mlango, wanaume kwanza kisha wanawake, au kinyume chake, na ubishi umekwisha. Pigeni msumari wa kamba hiyo mapema.

Umefaulu ikiwa nguo zote za nje zimo ndooni, mfuniko umebana, na hujagusa uso hata mara moja.

Hatua ya 4: Nawa bila kusugua

Anza na mikono na kucha, kwa sababu ndiyo itakayoosha sehemu nyingine. Ndipo uoshe kichwa, uso, masikio, na kuendelea kushuka mpaka miguuni. Inamisha kichwa mbele maji yasitiririkie mdomoni, na fumba macho. Tumia maji vuguvugu ikiwezekana na sabuni nyingi. Penga kamasi taratibu, kisha ufute kope, nyusi na matundu ya masikio kwa kitambaa safi chenye unyevu.

Dodoki na jiwe la kusugulia miguu visiguse mwili siku hiyo, na usinyoe. Ngozi ikichubuka, ule ukuta uliokuwa ukilizuia vumbi nje ya mwili unakuwa umetobolewa. Kidonda kilichopo kifunike kwanza kwa plastiki na soletepu ili maji machafu yasikiingie.

Nywele ziwe na sabuni tu. Mafuta na dawa za kulainisha hulinasa vumbi kwenye unywele, likakataa kutoka. Aliyesuka asifumue zikiwa kavu. Aziloweshe, apake sabuni ya maji, abonyeze kwa vidole msuko kwa msuko na kusuuza mara mbili.

Sasa kosa la beseni. Mtu hujaza beseni, akachovya kitambaa, akajifuta, akakirudisha humo humo, na akamaliza kwa kujipaka vyote alivyovitoa. Maji yamwagwe kwa kata kutoka juu, yapite mara moja, yaende zake kwenye bomba la maji machafu au shimoni. Yakiwa haba, lowesha vitambaa kadhaa na ujifute kuelekea chini, kila kitambaa kikikunjwa upate upande safi, kisha kitupwe kwenye ndoo ya pili.

Watoto na wazee huoshwa na mtu ambaye tayari amenawa, naye anawe mikono tena akimaliza. Mbwa wa nyumbani aliyekuwa nje naye anastahili ndoo ya maji kabla hajaingia.

Hatua ya 5: Funga, sikiliza, subiri

Funga milango na madirisha, zima feni na kiyoyozi. Upenyo kati ya ukuta na bati uzibe kwa kanga kuukuu zenye unyevu au magazeti na soletepu. Lengo ni kuzuia vumbi, si hewa.

Onyo kubwa liko hapa: jiko la mkaa lisiwashwe ndani ya chumba kilichozibwa. Gesi yake ya sumu haina harufu na inaweza kuua familia nzima usiku mmoja, jambo ambalo bomu chafu lililolipuka mtaa wa tatu lisingeliweza. Kuleni vilivyopikwa tayari, mkate, matunda ya ndani.

Kaeni ndani angalau saa 24, isipokuwa mamlaka zikiwaambia mtoke mapema au nyumba ikishika moto. Kwa bomu la nyuklia sababu ni ya kihesabu: kila muda unapozidi mara 7, ukali wa mionzi ya vumbi lake hushuka takriban mara 10. Iliyopo saa 1 baada ya mlipuko hubaki sehemu moja ya kumi ikifika saa 7, na sehemu moja ya mia baada ya saa 49.

Kanuni hiyo haitumiki kwa bomu chafu. Kati ya vitu vyenye mionzi vinavyoweza kuwemo humo, sesiamu-137 huchukua miaka 30 kupungua nusu, na kobalti-60 zaidi kidogo ya miaka 5. Hapo tunakaa ndani kusubiri vumbi litue na wapimaji wachore mipaka, na inawezekana kabisa tukaambiwa tuhame mtaa kwa muda.

Redio iwe wazi, na simu itumike kwa ujumbe mfupi ili mtandao usielemewe. Polisi ni 112, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Anayesimamia masuala ya mionzi nchini ni Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, yenye makao makuu Arusha, chini ya Sheria Na. 7 ya mwaka 2003. Tangazo la vipimo lisilotoka kwa tume hiyo au serikalini lisikutoe ndani.

Chakula, maji na mtoto anayenyonya

Chakula kilichokuwa kabatini, kwenye friji, kwenye kopo au chombo kilichofunikwa ni salama. Futa chombo kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya kukifungua. Maji yaliyofunikwa ndani ni salama. Kuchemsha hakuondoi mionzi, kwa hiyo maji ya mvua na ya ziwani yasinywewe mpaka yapimwe. Maji ya bomba, hata kabla hayajatangazwa salama kwa kunywa, yanafaa kunawia.

Dagaa walioanikwa waachwe walipo. Najua ninachosema: mama wa Mwaloni, soko letu la samaki, mwenye mtaji wote juu ya mchanga hataki kusikia hivyo. Lakini dagaa mbichi ananata, na kila punje inayomdondokea inakwenda naye mpaka kwenye sufuria.

Mama anayenyonyesha, akiwa na maziwa mengine salama ndani, ampe mtoto hayo hadi apate ushauri wa daktari. Akiwa hana, aoshe titi na chuchu kwa sabuni na maji vuguvugu, na aendelee kunyonyesha.

Ukimkuta majeruhi

Damu kwanza, vumbi baadaye. Mtu anayevuja damu nyingi abanwe jeraha papo hapo, hata kama amejaa vumbi. Aliyepigwa na mionzi haiambukizi, na vumbi lililo kwenye nguo zake ni hatari ndogo kwa anayemsaidia, akiwa amefunika pua na anajua atanawa. Mkate nguo za nje, umfunike kwa shuka, na uwaarifu hospitali kabla hajafika. Akitapika, andika saa. Hofu nayo hutapisha, lakini muda kati ya mlipuko na kutapika humsaidia daktari kukadiria dozi, yaani kiasi cha mionzi alichopata.

Vidonge na chumvi

Vidonge vya potasiamu ayodaidi hulinda kiungo kimoja tu, yaani ile tezi ya shingoni inayovimba mtu anapopata goita, tena dhidi ya iodini yenye mionzi pekee. Kwa sesiamu au kobalti havifanyi kazi yoyote. Tumia kwa agizo tu. Chumvi yenye madini joto haiwezi kuwa mbadala wake kwa kiasi chochote. Anayeibugia anajiumiza bure.

Siku ya kupimwa

Mtaitwa mahali pa kupimwa, na foleni itakuwa ndefu. Mwaka 1987 mjini Goiânia, Brazili, chanzo cha sesiamu kilichoachwa kwenye kliniki iliyohamwa kiliibwa na kupasuliwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Watu zaidi ya 112,000 walipimwa, 249 wakakutwa na uchafu wa mionzi, na wanne wakafariki. Beba daftari lenye majibu matatu: ulikuwa wapi mlipuko ulipotokea, uliingia ndani saa ngapi, ulivua na kunawa saa ngapi. Ndoo ya nguo ibaki ilipo, utaelekezwa.

Goiânia haikuwa ugaidi, lakini inatuhusu, kwa kuwa chanzo kilichoibwa ndicho pia malighafi ya mwovu. Wanunuzi wa vyuma chakavu, kumbukeni alama ya mapanga matatu yanayozunguka nukta, au pembetatu nyekundu yenye fuvu na mtu anayekimbia. Kikopo kidogo cha chuma chenye uzito usiolingana na umbo lake, kilichotoka kwenye mashine ya hospitali au ya kiwandani, kisipasuliwe wala kutiwa mfukoni. Ondokeni walau mita 30, zuieni watu, pigeni 112. Kikiwa na nyaya au kinashukiwa kuwa bomu, iwe mita 400.

Zoezi la unga

Fanyeni hivi Jumamosi moja, itachukua saa moja. Kila mshiriki avae fulana kuukuu ya rangi nyeusi, anyunyiziwe vijiko viwili vya unga wa muhogo mabegani, kichwani na kwenye viatu. Afumbe macho wakati wa kunyunyiziwa. Aingie ndani, avue, anawe, kwa hatua zile zile na mkasi wake.

Kisha mfute kwa kitambaa cheusi kikavu sehemu nne: chini ya pua, nyuma ya masikio, kati ya vidole, na kwenye kope. Mwishowe mulika tochi sakafuni kuanzia mlangoni kwenda chumbani, ukiishika chini karibu na sakafu, maana mwanga wa ubavu huonyesha vumbi ambalo jicho lililosimama halilioni. Nyayo nyeupe zinazoelekea chumbani zinakuambia viatu vilivuliwa mapema mno au magazeti yalikanyagwa upya. Unga chini ya pua ni fulana iliyopita kichwani. Rudieni mpaka kitambaa kitoke cheusi kama kilivyoingia.